Chaza kapewa jina jipya: DNA imesema, au tumeisemea?

Chukua chaza kumi kutoka mzizi mmoja wa mkoko wakati maji yamekupwa, waoshe tope, wapange mezani. Huenda usipate wawili wanaofanana. Mmoja mrefu kama kandambili, mwingine mviringo, wa tatu amepinda kwa sababu jirani yake alimbana tangu utotoni. Chaza hujenga gamba kwa kufuata mahali aliposhika: kwenye mwamba tambarare anatandaa, kwenye mzizi anaukumbatia, penye msongamano anapanda juu kutafuta nafasi. Sasa mwambie mtu aainishe spishi kwa kutazama gamba hilo. Hiyo ndiyo kazi waliyokuwa nayo wataalamu kwa zaidi ya miaka 200, na ndiyo sababu vitabu vya chaza vimejaa majina yaliyokufa.

Kwa hiyo DNA ilipoingia, wengi walishusha pumzi. Hatimaye kaja shahidi asiyedanganywa na umbo. Hadithi hiyo umeshaisoma mara nyingi, na hata hapa kwetu tumeiandika mara kadhaa: wazee walikosea kwa macho, jeni zikarekebisha. Leo nataka tuangalie kesi moja ambapo shahidi alifika, akasema yake, na ugomvi ukazidi. Ni kesi ya makala tatu, na nitazipitia kwa jicho la mkosoaji, maana kila upande una jambo la kweli na kila upande umevuka mpaka mahali fulani.

Makala ya kwanza ilitoka mwaka 2017 kwenye Zoological Journal of the Linnean Society. Waandishi ni wawili, Daniele Salvi na Paolo Mariottini, wote kutoka Italia. Walitumia kipande cha DNA kiitwacho ITS2 kupanga upya familia ya chaza, Ostreidae. Walipendekeza nusufamilia mpya, Saccostreinae, na jenasi mpya, Magallana. Kwa pendekezo hilo, chaza wa Pasifiki aliyejulikana duniani kote kama Crassostrea gigas aligeuka Magallana gigas.

Ya pili ilitoka mwaka huohuo kwenye Journal of Shellfish Research. Brian Bayne na wenzake, jumla watu 27, waliandika kupinga. Ya tatu ni jibu la Salvi na Mariottini la mwaka 2021, ambamo kichwa chenyewe kinatangaza kwamba jenasi Magallana ina msingi mzuri na ni ya lazima. Shika hilo neno "lazima," tutalirudia.

Utauliza, jina tu, kelele za nini? Basi fahamu tunamzungumzia nani. Thunberg alimwelezea chaza huyu mwaka 1793 kwa vielelezo vya Japani. Tangu hapo amepelekwa Ulaya, Marekani, Australia, hadi Afrika Kusini na Namibia, kote huko akifugwa. Jenomu yake ilichapishwa kwenye Nature mwaka 2012, na ikaonekana ana jeni zipatazo 28,000, nyingi zikiwa za kumsaidia kuvumilia joto, chumvi na kukaa nje ya maji. Wanaopima sumu baharini wanamtumia, wanaosoma magonjwa ya viumbe wa bahari wanamtumia, sheria za kuingiza viumbe wa kigeni zinamtaja kwa jina. Ukibadilisha jina lake unagusa maelfu ya makala, fomu za forodha na kanzidata.

Kabla ya kuhukumu kesi yenyewe, tumpe shahidi haki yake. DNA imewahi kufanya kazi nzuri sana kwenye chaza, na mifano miwili inanivutia kila nikiisoma.

Wa kwanza ni chaza wa Kireno. Mwaka 1868 meli moja, Morlaisien, ilikuwa imebeba chaza kutoka Ureno kwenda Arcachon, Ufaransa. Dhoruba ikaibana, ikajificha kwenye mlango wa mto Gironde. Nahodha akaona shehena inaoza, akaamuru itupwe majini. Kumbe wengi walikuwa hai. Wakazaana, wakaenea pwani yote, wakawa chakula cha watu wa kawaida wa Ufaransa kwa karibu miaka 100. Lamarck alikuwa ameshawapa jina mwaka 1819, angulata, na kila mtu aliwachukulia kuwa ni wenyeji wa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa mashavu uliwamaliza, na wafugaji wakaleta gigas kutoka Japani na Kanada kuziba pengo.

Hapo watu wakaanza kuona kwamba hawa wageni na wale waliokufa wanafanana mno. Wanazaana, na chotara wao wanazaa. Walipolinganisha vimeng'enya vyao, tofauti ilikuwa karibu hakuna. Wengine wakahitimisha kwamba ni spishi moja, mjadala ufungwe. Mwaka 1998 timu mbili, moja ikiwa na Diarmaid Ó Foighil na nyingine ya Pierre Boudry, zikasoma DNA ya mitokondria. Wakaona tofauti ndogo lakini ya wazi kati ya hao wawili, na wakaona kwamba nasaba ya angulata ipo Taiwan. Yaani chaza "wa Kireno" ni Mwasia. Inadhaniwa alisafiri akiwa amejishikiza kwenye meli za Wareno zamani zile, bila nauli.

Ukitafakari, hapo kuna mambo mawili tofauti. Swali la "ametoka wapi?" DNA ililijibu vizuri. Swali la "ni spishi mbili au moja?" halijaisha mpaka leo: wapo wanaoandika spishi mbili, wapo wanaoandika nususpishi. Kipimo kilekile, majibu yaleyale, na bado watu hawakubaliani, kwa sababu hakuna mstari ndani ya DNA ulioandikwa "hapa spishi inaanzia."

Mfano wa pili ni wa kusini mwa China. Wafugaji wa huko walikuwa wakitenganisha chaza kwa rangi ya nyama: chaza mweupe na chaza mwekundu. Bei tofauti, ladha tofauti. Wanasayansi wakawa wanawarundika pamoja chini ya jina moja la zamani, rivularis. Mwaka 2003 Katherine Lam na Brian Morton walimpa jina Crassostrea hongkongensis chaza wa Hong Kong, kwa msaada wa DNA. Mwaka uliofuata Wang Haiyan, Ximing Guo na wenzao wakaonyesha kwamba yule mweupe ndiye hongkongensis na yule mwekundu ni spishi nyingine, ariakensis. Chaza aliyefugwa karne na karne alipata jina lake la kisayansi baada ya simu za mkononi kuingia sokoni! Na mfugaji alikuwa anajua siku zote. Huwa tunasahau kusema hilo tunaposimulia ushindi wa maabara.

Sasa turudi kwenye makala ya 2017. ITS2 ni nini? Ndani ya seli kuna viwanda vya protini viitwavyo ribosomu. Maelekezo ya kutengeneza vipande vya ribosomu yamepangwa kwenye DNA kwa mstari, na katikati ya kipande na kipande kuna vijisehemu ambavyo hunakiliwa halafu hukatwa na kutupwa. ITS2 ni kimojawapo. Kwa kuwa kinatupwa, herufi zake zina uhuru wa kubadilika haraka. Lakini kabla hakijatupwa lazima kijikunje kwa umbo fulani ili kikatwe pahali panapofaa. Kwa hiyo umbo linabaki huku herufi zikibadilika.

Hapo ndipo penye ufundi wa Salvi na Mariottini, na lazima tuwape heshima yao. Wengi wetu tunalinganisha herufi tu. Wao walilinganisha herufi pamoja na mkunjo. Mahali ambapo upande mmoja wa mkunjo unashikana na upande wa pili, herufi moja ikibadilika upande huu, mwenzake upande wa pili naye hulazimika kubadilika ili wasiachane. Ni kama kitasa na ufunguo: ukibadilisha kimoja na kingine ubadilishe. Mabadiliko ya jozi kama hayo hayatokei ovyo, kwa hiyo yakipatikana yana uzito zaidi ya herufi moja moja. Walipopanga chaza kwa njia hiyo, wa Pasifiki ya Asia walijikusanya upande wao, wa Atlantiki upande wao. Kundi la Atlantiki linabaki na jina Crassostrea kwa sababu kiongozi wa jenasi hiyo kikanuni ni Crassostrea virginica wa mashariki mwa Marekani. Wa Asia wakahitaji jina, wakapewa Magallana.

Je, makundi hayo mawili yapo kweli? Kwa maoni yangu, ndiyo, na si kwa ITS2 pekee. Mpangilio wa jeni ndani ya mitokondria wa virginica hauko sawa na wa chaza wa Asia. Ukijaribu kuwachanganya virginica na gigas, yai linarutubishwa vizuri tu, lakini lava hawafiki mbali, wanakufa. Linganisha na gigas na angulata, wanaozaa chotara wazima. Ukiongeza jiografia, wamegawanyika bahari kwa bahari. Ushahidi wa namna nne, kutoka sehemu zisizotegemeana, unaelekea upande mmoja. Mtu akikuambia makundi haya ni ndoto ya wataalamu wa kompyuta, mwombe akueleze hayo yote kwa njia nyingine.

Lakini soma tena kichwa cha makala ya 2021: "lazima." Hapo ndipo nashindwa kuwafuata.

Kwenye miti mingi ya ukoo iliyojengwa kwa mitokondria, kundi la Atlantiki na kundi la Pasifiki hukaa kama ndugu wawili, tumbo moja. Sasa fikiria familia yenye watoto wawili, kila mmoja ana watoto wake. Unaweza kuwaita wajukuu wote kwa jina la babu. Unaweza pia kuwaita kila fungu kwa jina la baba yake. Mti wa ukoo haubadiliki kwa uamuzi huo. Kanuni tunayoifuata siku hizi ni kwamba jina lisikate ukoo katikati, yaani lisimchukue babu na baadhi ya wajukuu likawaacha wengine. Jina la Crassostrea kwa wote halikati ukoo mradi hao ni ndugu. Majina mawili nayo hayakati. DNA inaruhusu yote mawili. Kiasi gani cha tofauti kinatosha kuitwa jenasi? Hakuna kifaa cha kupimia hicho. Ni makubaliano ya watu, kama urefu wa rula.

Kwa hiyo pale wanapoandika kana kwamba molekuli zenyewe zimedai jina jipya, wanaficha mkono wao wenyewe. Wao ndio waliodai. Wana sababu nzuri, na nitazikubali baadaye, ila zingekuwa na nguvu zaidi kama wangesema wazi: "Tumeona tofauti kubwa, tunadhani inafaa kuonekana kwenye jina." Hilo ni pendekezo, na pendekezo linajadiliwa. Neno "lazima" linafunga mlango.

Na wale 27 je? Ukilisoma jina lao la pamoja haraka unaweza kudhani ni wafugaji na wazee wa magamba waliochukia maabara. Hapana! Angalia orodha: yumo Pierre Boudry, yuleyule wa chaza wa Kireno. Yumo Ximing Guo, yuleyule wa nyama nyeupe na nyekundu. Yumo Dennis Hedgecock, ambaye na wenzake walitumia DNA ya mitokondria kuwatenganisha chaza wa Kumamoto na gigas, wakati mbegu za Kumamoto zilizokuwa Marekani zimekwisha kuchanganyika. Hawa ndio walioileta DNA kwenye ufugaji wa chaza. Wao kupinga si sawa na mtu wa nje kupinga, na nasikitika kwamba masimulizi mengi ya ugomvi huu yanawachora kama watu wa nyuma.

Hoja yao kubwa ya kisayansi ni kwamba ushahidi wa wakati ule ulikuwa mwembamba: vipande vichache vya DNA, na spishi kadhaa hazikuwepo kwenye mti. Kwa mwaka 2017 naiona haki kabisa. ITS2 ina tatizo lake pia, ambalo mwanafunzi yeyote aliyewahi kuisoma maabara analijua: haipo nakala moja ndani ya seli, zipo nyingi, na kawaida hufanana lakini si kila mara. Nakala mbili zisizofanana kutoka kwa mnyama mmoja zinaweza kukuletea matawi ya uongo. Kuomba ushahidi wa jenomu kabla ya kubadilisha jina la mnyama muhimu kiasi hiki ni ombi la mtu makini.

Shida ni hoja yao ya pili, ya mkanganyiko na gharama, na jinsi walivyoiweka kwenye sahani moja na ile ya kwanza. Ukubwa wa biashara hauongezi wala kupunguza uzito wa ushahidi. Kama makundi ni mawili, yatakuwa mawili hata kama duniani kote hakuna anayekula chaza. Gharama ni sababu halali ya kuchagua jina, kwa kuwa tumeshaona jina ni makubaliano. Si sababu ya kutilia shaka mti. Makala yao inapita kutoka hoja moja hadi nyingine bila kumwambia msomaji kwamba ametoka chumba kimoja na kuingia kingine, na matokeo yake hoja nzuri ya kwanza inaonekana kama kisingizio cha ya pili.

Halafu hiyo gharama yenyewe. Chaza hawajawahi kuwa na majina tulivu. Linnaeus aliwaweka wote Ostrea, na humo akatia hata wale makombe wenye mbavu kama feni ambao siku hizi wako familia nyingine kabisa. Gigas mwenyewe alikuwa Ostrea kabla ya kuwa Crassostrea. Wafaransa walimwandika angulata kama Gryphaea miaka mingi. Chaza wa miamba wa Sydney aliitwa Saccostrea commercialis, na jina lenyewe linanuka biashara, sasa anaitwa Saccostrea glomerata. Wafugaji wa Australia hawakufilisika kwa hilo. Mchuuzi hauzi jina la Kilatini.

Nikitakiwa kuchagua, nachagua Magallana. Namwandikia jina hilo, na mara ya kwanza naweka kwenye mabano lile la zamani ili mtafutaji asipotee. Sababu yangu ni ndogo na ya kawaida: nikisoma Magallana najua mara moja kwamba ni kundi la Asia, ambalo lava wake hawaishi wakichanganywa na virginica, na jina linalonipa habari zaidi ni jina bora. Kanzidata ya viumbe wa bahari, WoRMS, nayo ililipokea. Mwaka 2021 Julia Sigwart na wenzake walipomwelezea chaza mpya wa Muar, Malaysia, aliyekuwa akivunwa na kufugwa huko kwa vizazi bila jina, walimwita Magallana saidii, na katika makala hiyohiyo wakaugusa mgogoro wenyewe. Wengine wanaendelea kuandika Crassostrea gigas na sitawaita wajinga.

Sasa kwa nini nakupitisha njia ndefu hii, wewe ambaye huenda hujawahi hata kumwona gigas? Kwa sababu ya ile sehemu ya pili ya makala ya 2017 ambayo hakuna aliyeipigia kelele: Saccostreinae. Humo ndimo anamokaa chaza wetu, yule wa kwenye mikoko na miamba kuanzia Lamu mpaka Mtwara.

Kwanza tuwekane sawa: Kiswahili nacho kinarundika. Tunaita "chaza" huyu wa kuliwa na pia yule wa lulu anayefugwa na kina mama Zanzibar, ambaye ni Pinctada, familia nyingine kabisa. Mimi nasema huyu wa kuliwa. Vitabu vinamwita Saccostrea cucullata. Mwaka 1961 Van Someren na Whitehead, walipoandika juu ya ufugaji wake, walimwita Crassostrea cucullata. Kwa hiyo naye amehamishwa jenasi, na hakuna watu 27 waliomwandikia barua. Kwa kweli uhamisho huo ulikuwa sahihi: ukimfungua Saccostrea utaona vijino vidogo kando ya ukingo wa gamba, ambavyo Crassostrea hana. Gamba si bure kabisa.

Tatizo liko kwenye jina la pili. Cucullata alielezewa na Born mwaka 1778, na mahali pa asili ya jina hilo ni kisiwa cha Ascension. Kitafute kwenye ramani. Kipo Atlantiki Kusini, upande wa pili wa Afrika! Jina lililozaliwa kwenye kisiwa kimoja katikati ya Atlantiki limekuja kubandikwa kwa chaza wa Kenya, India, Thailand, hadi visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2006 Lam na Morton walichukua chaza wa namna hii kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi, wakasoma DNA ya mitokondria, wakakuta "cucullata" imegawanyika nasaba kadhaa, wakazipa herufi A mpaka G. Mwaka 2016 Masashi Sekino na Yamashita wakafanya vilevile Japani, safari hii wakitumia pia DNA ya kwenye kiini cha seli, na kichwa cha makala yao kikasema wazi kwamba taksonomia ya jenasi hii imevurugika.

Ukizijua nasaba hizo, mabishano ya Magallana yanaanza kuonekana kama anasa. Kule wanagombana jina la jenasi wakati spishi zenyewe wanazijua. Hapa bado tunauliza kama mnyama aliye kwenye kikapu ni mmoja au watatu. Na jibu lina bei. Mtu akitaka kuanzisha ufugaji na kuagiza chaza wachanga kutoka ng'ambo, cheti kitasoma Saccostrea cucullata, na afisa ataona jina linalingana na la kwetu, atagonga muhuri. Kama ni nasaba nyingine, umeingiza mgeni kwa kitambulisho cha mwenyeji. Tumeshaona Kumamoto kilichotokea pale wawili walipochanganyika bila watu kujua. Hata takwimu za msimu wa kuzaa, ambazo ndizo msingi wa kusema "msivune mwezi fulani," hazina maana kama umepima spishi mbili ukadhani ni moja.

Sasa utasema, si tusome tu DNA tumalize? Hapo nina neno kwa sisi wenyewe tulio maabara. Utaratibu wetu wa kawaida ni huu: unakata kipande cha nyama, unasoma jeni moja ya mitokondria, unakitupia GenBank, kinarudi na jina lenye asilimia kubwa ya kufanana, unaliandika. Lakini jina lile GenBank lilitoka wapi? Mara nyingi limetoka kwa mwanafunzi kama wewe aliyetazama gamba, akafungua kitabu, akaandika cucullata. Unathibitisha gamba kwa DNA iliyopewa jina kwa gamba. Ni kama kuulizia njia kwa mtu ambaye naye anakufuata wewe. Na mitokondria peke yake ni historia ya mama tu. Kama kuna chotara, hutamwona.

Kwa hiyo ukienda ufukweni na kisu na chupa zako, fanya mambo matatu ambayo hayahitaji mashine yoyote ya bei kali. Hifadhi gamba zima pamoja na kipande cha nyama chenye namba ileile, usitupe gamba ukidhani DNA inatosha. Siku nasaba zikipata majina, gamba hilo ndilo litakaloonyeshwa. Muulize mama anayewavuna wanaitwaje na kama wako wa aina moja au zaidi, uandike jibu lake hata kama kitabu chako kinasema vingine. Na kwenye lebo, badala ya cucullata, andika Saccostrea halafu jina la mahali penyewe, mkono gani wa hori, mzizi au mwamba. "Pwani ya Kenya" haitoshi, ina zaidi ya kilomita 500.